Nyimbo zikikataa kufuata mpangilio kwenye MP3 ndogo

Vile vi-MP3 vidogo vya kubana kwenye nguo, vingi havijali jina la wimbo. Hupiga kwa kufuata faili zilivyoingia kwenye memori kadi. Kwa hiyo kuandika 01, 02, 03 pekee hakusaidii. Hamishia nyimbo kwenye kompyuta, fomati kadi (ifute yote na kuiandaa upya) kwa FAT32, mfumo wa kuhifadhi faili, kisha nakili faili moja moja kwa mpangilio unaoutaka. Ukifuta wimbo katikati na kuweka mwingine, mpya huweza kuingia pale palipoachwa wazi, na mpangilio ukavurugika tena. Kadi ya GB 64 kwa kawaida huja na exFAT, mfumo mwingine wa kuhifadhi faili, ambao vi-MP3 vingi haviusomi kabisa. GB 32 inatosha sana. Wimbo wa M4A (aina nyingine ya faili ya muziki) ukirukwa, ugeuze uwe MP3.