Kabla Kituo Hakijaanza Kutibu Uraibu wa Afyuni: Mambo ya Kuzingatia

Msimpeleke daktari peke yake kwenye mafunzo. Mgonjwa hukutana kwanza na mlinzi, kisha mapokezi, kisha muuguzi. Daktari ni wa nne. Mlinzi akimwita "teja" pale getini, mgonjwa anageuza na harudi. Wote wakae darasa moja walau siku ya kwanza, waelewe kwamba uraibu wa afyuni, yaani heroini na dawa za jamii yake, ni ugonjwa sugu unaotibiwa kwa dawa kwa muda mrefu. Methadoni na buprenofini, dawa zinazotibu uraibu huu, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005.

Ulizeni mapema sheria inamruhusu nani kuandika dawa hizi. Kabati liwe na kufuli, na daftari la kuhesabia vidonge liwe tayari kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Sasa dozi ya kwanza ya buprenofini, maana hapa ndipo vituo vingi vinapoumia. Mgonjwa anafika asubuhi, anaulizwa alitumia lini, anajibu "jana". Anapewa miligramu 8. Kumbe jana yenyewe ni saa tisa usiku. Ndani ya saa moja anatapika, anaharisha, anatetemeka, jasho linamtoka: arosto, yaani mateso ya kukosa afyuni mwilini, kali kuliko zote alizowahi kupata. Anaondoka akiamini amepewa sumu, anarudi kwenye unga, na habari inafika maskani kabla ya jioni. Hapo wagonjwa wengine kumi hamtawaona.

Sababu ni kwamba buprenofini hushika vipokezi vya ubongo kwa nguvu kuliko heroini. Inaing'oa heroini iliyopo, lakini yenyewe huviamsha nusu tu, kwa hiyo mwili unaporomoka ghafla. Basi fundisheni kuuliza kwa saa, si kwa siku: ulitumia nini, saa ngapi, kiasi gani? Kwa heroini subirini saa 12 hadi 24. Anayetoka kwenye methadoni ashushwe kwanza hadi miligramu 30 au chini kwa siku, kisha asubiri saa 24 hadi 72. Fentanili, afyuni ya maabara yenye nguvu sana, hukaa kwenye mafuta ya mwili, kwa hiyo hata saa 24 zinaweza zisitoshe.

Saa pekee hazitoshi. Angalieni mboni zilizotanuka, miayo, vinyweleo vilivyosimama, mapigo ya moyo. Fomu ya COWS, ya kupima ukali wa arosto, ina vipengele 11. Alama 12 au zaidi ndiyo salama ya kuanzia. Anzeni na miligramu 2 hadi 4, ngojeni saa moja au mbili, muongeze. Wengi humaliza siku ya kwanza kwenye 8, na baadaye hutulia kati ya 8 na 24. Arosto ikilipuka hata hivyo, msimwachie aende: mtulizeni, mpeni dawa za kichefuchefu na kuhara, na daktari afikirie kuongeza buprenofini. Wafanyakazi waijaze fomu hiyo wao kwa wao, mmoja akiigiza mgonjwa, hadi alama zao zikubaliane.

Kidonge huwekwa chini ya ulimi uliolowana, dakika 5 hadi 10, bila kuongea wala kumeza. Kikimezwa, sehemu kubwa ya dawa hupotea kwenye ini. Kikiyeyuka, asukutue kwa maji. Mswaki baada ya saa moja, kwa ajili ya meno.

Kipimo cha kawaida cha mkojo cha afyuni hakioni buprenofini, methadoni wala fentanili. Msimshutumu mgonjwa kwa jibu ambalo kipimo chenyewe hakiwezi kutoa.

Naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha afyuni, iwe chumbani, isifungiwe stoo. Mpulizieni mgonjwa pumzi kwanza, chomeni miligramu 0.4 kwenye msuli, mrudie baada ya dakika 2 au 3. Nguvu yake huisha dakika 30 hadi 90, hivyo msimruhusu aondoke mara anapoamka.

Ulizeni pia kuhusu pombe na diazepamu, kwa kuwa zikichanganyika hukata pumzi. Ulizeni kuhusu kifua kikuu: rifampisini hupunguza methadoni mwilini. Mjamzito asikatishwe dawa. Aliyetoka gerezani mwili wake umepoteza uzoefu, na kiasi chake cha zamani kinaweza kumuua. Aliyeteleza akatumia tena asifukuzwe. Dawa za nyumbani zifungwe mbali na watoto. Na karatasi anayoondoka nayo iwe na namba ya simu inayopokewa, hata usiku, siku tatu za mwanzo.