Somo: Usioshe sponji ya chujio la tangi la samaki bombani

Samaki wangu wa kwanza walikuwa furu sita, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, nilipewa na mvuvi pale Mwaloni, Mwanza. Niliwaua kwa usafi. Nilitoa sponji ya chujio nikaikamua chini ya bomba mpaka ikawa kama mpya. Siku ya tatu wote walikuwa juu ya maji wanahema. Wiki ilipokwisha nimebaki na mmoja. Bado inaniuma, ndiyo maana naandika.

Sponji ile ilikuwa hai. Ndani yake huishi bakteria wanaogeuza amonia, sumu wanayoitoa samaki wenyewe, kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia. Klorini hutiwa kwenye maji ya bomba kuua vijidudu, nasi tunaihitaji, maana maji yetu yanatoka ziwani. Ila haichagui kijidudu cha kuua.

Hatua ya 1. Andaa maji siku moja kabla. Yaache saa 24 kwenye diaba lenye mdomo mpana, na ukiweka pampu ya hewa klorini hutoka upesi zaidi. Funika kwa chandarua, mbu wasitage.

Hatua ya 2. Ukiwa na haraka, tumia dawa ya kuondoa klorini. Nyingi zina sodiamu thayosalfeti na hufanya kazi kwa dakika chache. Itie ndooni, kabla maji hayajaingia tangini.

Hatua ya 3, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Chomoa umeme. Nyonya kwa mpira robo ya maji ya tangi, uyakinge kwenye ndoo, kisha kamua sponji humohumo mara mbili tatu. Ikibaki na rangi ya kahawia, iache hivyo hivyo. Irudishe ikiwa mbichi, isikauke. Kama una sponji mbili, osha moja leo, nyingine baada ya wiki mbili.

Hatua ya 4. Jazia maji uliyoandaa, polepole.

MASWALI

Mwanachama, Igoma: Mwalimu, mimi natumia maji ya simtanki, yamekaa siku tatu. Bado niyaandae?

Jibu: Ndiyo, dada. Simtanki lina kifuniko, klorini hutoka taratibu sana. Tena maji yakirudi usiku, mapya yanachanganyika na ya zamani wewe umelala. Usitegemee pua, kiasi kisichonusika kinatosha kuunguza mashavu ya samaki.

Mwanachama, Kirumba: Ziwa hili hapa. Kwa nini nisichote huko?

Jibu: Kaka, nakuelewa, furu wenyewe wametoka humo. Lakini ukiingia majini pale ufukweni unaweza kupata kichocho, na ndoo hiyo inaweza kuwaletea samaki wako vimelea. Bora usubiri siku moja na maji ya bomba.

Mwanachama, Nyegezi: Mimi nimeshaosha bombani jana. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana. Usiwalishe siku mbili, ongeza hewa, na kila siku badilisha robo ya maji kwa yaliyoandaliwa. Kama una rafiki mwenye tangi la samaki wazima, muombe kipande cha sponji yake iliyotumika, ukiweke ndani ya chujio lako. Usinunue samaki wengine kwa sasa. Bakteria huchukua wiki kadhaa kurudi, kwa hiyo endelea kubadilisha maji hata ukiona samaki wamechangamka.