Somo: Mzee akichanganyikiwa ghafla, anzeni na mwili

Juzi alitaja wajukuu wote kwa majina. Leo anaongea na watu wasiokuwepo, au amelala tu hataki kusemeshwa. Huo si uzee. Usahaulifu wa uzeeni huja kwa miezi na miaka. Wa saa au siku chache mara nyingi ni ugonjwa wa mwili, na mzee anaweza kuwa na nimonia, malaria au maambukizi ya mkojo bila homa yoyote.

1. Mwambie ainue mikono yote miwili, kisha aongee. Mkono ukianguka, mdomo ukipinda au ulimi ukiwa mzito, huenda ni kiharusi: kimbieni hospitali, na mkumbuke saa ilipoanza.

2. Anayetumia dawa za kisukari apimwe sukari. Ikiwa chini ya 4 mmol/L na anameza vizuri, mpe vijiko vidogo 3 hadi 4 vya sukari katika nusu kikombe cha maji, pima tena baada ya dakika 15. Asiyemeza asinyweshwe kitu, kitaingia mapafuni. Anayetumia glibenklamaidi (kidonge cha kisukari) aende hospitali hata akizinduka, maana dawa hiyo hukaa mwilini na sukari hushuka tena.

3. Gusa taratibu chini ya kitovu. Pakiwa pamevimba, huenda mkojo umeziba. Wanaume wenye tezi dume iliyovimba hupatwa sana. Ulizeni pia kama anapata choo na anakunywa maji. Joto la Dodoma kabla ya mvua hukausha wazee wasiosikia kiu.

4. Dawa zote ziende naye kwenye mfuko mmoja, hata za duka la dawa na mitishamba. Piritoni (ya mafua na mzio) na amitriptilini (ya sonona na maumivu ya neva) huvuruga akili za wazee. Diazepamu (ya usingizi na wasiwasi) pia, lakini aliyeizoea asiikatishe ghafla.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo. Baba anaona watu ukutani tangu Jumatatu. Tumpeleke Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili?*
Marahaba. Anzeni leo hii na hospitali ya karibu inayopima damu na mkojo. Mirembe itafuata daktari akiona inahitajika.

*Usiku bibi anataka kutoka. Tumfunge?*
Hapana, kamba huongeza hofu na majeraha. Taa ndogo iwake, avae miwani yake, akae na mtu anayemfahamu. Msibishane naye.

*Mzee wetu yuko siku ya tano ya dawa za maambukizi ya mkojo, bado hajatulia.*
Akili huchelewa kurudi, pengine wiki kadhaa. Ila akizidi kusinzia au akiacha kunywa, mrudisheni leo.