Somo: Kumtafuta bibi kwenye maombi ya msaada ya maskini wa Glasgow

Sisi tulioolewa Uskoti, iko siku watoto watauliza: "Kwa upande wa baba, mababu walikuwa nani?" Ukoo wa mume wangu uliishia kwa bibi mmoja mfua nguo, na sensa ilimtaja jina na umri tu. Maisha yake niliyapata kwenye karatasi za mkaguzi wa maskini, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta sababu ya kumnyima msaada.

Hilo lielewe kwanza. Sheria ya 1845 iliitaka kila parokia ya Uskoti, yaani eneo dogo la utawala, itunze maskini wake, wake tu. Aliyekaa miaka 5 mfululizo bila kuombaomba alihesabiwa mwenyeji. Asiyetimiza, gharama zilidaiwa kwa parokia ya kwao, na mzaliwa wa Ayalandi aliweza kurudishwa huko. Mke alihesabiwa mwenyeji wa parokia ya mumewe. Basi kabla ya kutoa senti, mkaguzi aliuliza yote: umezaliwa wapi, wazazi nani, mume katokea wapi, mmepanga nyumba zipi, watoto wangapi, dini gani. Ubahili wao ndiyo faida yetu.

Hatua ya 1. Anza na cheti cha kifo, kwenye ScotlandsPeople, tovuti ya kumbukumbu za serikali ya Uskoti. Tangu 1855 vyeti vya Uskoti hutaja wazazi wote wawili wa marehemu. Tazama mahali alipofia: Barnhill na Merryflats zilikuwa nyumba za maskini. Usipoona majina hayo usikate tamaa, wengi walipokea msaada wakiwa kwao.

Hatua ya 2. Jua parokia. Glasgow ilikuwa na parokia za City, Barony na Govan. Mbili za kwanza ziliungana 1898.

Hatua ya 3. Nenda hifadhi ya nyaraka za jiji, ndani ya maktaba ya Mitchell Library, Glasgow. Maombi yanaanzia 1851 na yana faharasa ya majina. Mwanamke mtafute kwa jina la baba yake! Kwenye karatasi za Uskoti hakulipoteza kwa kuolewa, kama kwetu anavyobaki binti fulani. Mimi nilimaliza siku nzima na jina la mume, nikatoka mikono mitupu.

Hatua ya 4. Soma karatasi yote, hasa pembeni, maana mkaguzi alirudi na kuongeza. Ya kwetu inasema: chumba kimoja, ghorofa ya tatu, mume katoroka, watoto wanne, wa mwisho miezi saba. Kwa wino mwingine: mume kaonekana Greenock, mji wa bandari jirani. Chini kabisa: "Apewe nafasi ya nyumba," yaani aingie nyumba ya maskini au asipate kitu. Kisha neno moja: "Kakataa."

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo dada. Mbona kwenye faharasa naona wanawake watupu?*

Marahaba, mdogo wangu. Wanaume wapo, ila mwenye nguvu zake hakuwa na haki ya msaada hata akikosa kazi. Ndiyo maana utakutana na wajane, wagonjwa na waliotelekezwa. Mwanaume ukimwona, soma alichoandika daktari.

*Babu wa mume wangu, cheti chake cha kuzaliwa hakina baba. Nimefika mwisho?*

Hapana, mama. Mtafute mama yake kwenye maombi, miezi ile ile ya kujifungua. Parokia ilitaka kumjua mwanaume wa kumdai matunzo, kwa hiyo mara nyingi jina lake limo, pengine na kazi yake. Ila ni neno la mama peke yake, lichukue hivyo.

*Sisi tunamtafuta baharia wa Lamu aliyepotelea London. Njia ni hii hii?*

Kaka, England ina mfumo wake: daftari za kuingia na kutoka za nyumba za kazi (ndizo nyumba za maskini za huko), chini ya sheria ya 1834. Jina litakuwa limeandikwa lilivyosikika, jaribu tahajia kumi. Uliza pia kuhusu bweni la mabaharia wa Asia na Afrika lililofunguliwa Limehouse, mtaa wa London, mwaka 1857.

*Mama mkwe hataki tuchimbue. Anasema ni aibu.*

Wangu naye aligoma. Sikubishana. Nilimwekea ile karatasi mezani karibu na chai, kidole kwenye neno la mwisho. Aliisoma mara mbili, kisha akauliza kama naweza kumtolea kopi.