Kumshuhudia ndugu wa nyumbani habari za Kristo

Andika majina 3 tu ya watu wa karibu, uwaombee kila siku kabla hujafungua kinywa. Kisha andaa ushuhuda wa dakika 3: ulivyokuwa, ulivyokutana na Kristo, ulivyo sasa. Hapo mwisho ndipo pagumu, maana wa nyumbani wanakujua, ukijipamba watakukatiza. Kama una deni au ugomvi nao, lipa na uombe radhi kwanza. Usianze mbele ya wote: mtu akitazamwa hujitetea. Mtafute akiwa peke yake, muulize, msikilize. Akivutiwa, someni pamoja Injili ya Marko. Sura 16, moja kwa juma, ni karibu miezi minne. Akikataa, usimfuatefuate. Endelea kumwombea.