Jinsi ya kujua kama tumbo la ng'ombe wako linafanya kazi vizuri

Mnaofuga ng'ombe wa maziwa bandani hii inawahusu sana. Majani yakifika lile tumbo la kwanza, kubwa kuliko yote manne, wanaoyachachusha ni bakteria, ng'ombe mwenyewe hawezi kuvunja nyuzi za majani bila wao, kwahiyo ukiwavuruga hao umemvuruga ng'ombe.

Anza na kucheua. Akiwa amelala ametulia mwangalie shingo, utaona tonge linapanda, anatafuna, anameza, baada ya muda mfupi linapanda lingine. Hesabu anatafuna mara ngapi kwa tonge moja, 50 mpaka 70 ni safi kabisa, ikishuka sana mara nyingi majani yamepungua pumba zimezidi, au mashine inakata majani madogo mno. Akicheua ndo mate yanatoka kwa wingi, ng'ombe mkubwa anaweza kufikisha hata lita 100 kwa siku, na hayo mate ndo yanapunguza asidi tumboni. Yaani nikiona mtu anamwaga ndoo nzima ya pumba kwa mkupuo eti maziwa yaongezeke naumia kweli, wanga unachacha kwa kasi, asidi inapanda, bakteria wa majani wanakufa, ng'ombe anagoma kula, anaharisha na hayo maziwa yenyewe yanakata. Mpe majani kwanza, pumba na mashudu gawa mara 2 au 3 kwa siku, na chakula kipya kiingize kidogokidogo kwa wiki 2 hivi ili bakteria wazoee.

Halafu pima kwa ngumi. Upande wa kushoto, nyuma ya ubavu wa mwisho, kuna kibonde, gandamiza ngumi hapo utulie, utasikia tumbo linausukuma mkono taratibu mara 1 au 2 kwa dakika. Pakiwa kimya dakika kadhaa, tena hacheui, huyo anaumwa. (Ndama anayenyonya usimpime hivi, maziwa yake yanaruka tumbo la kwanza yanaenda la nne moja kwa moja.)

Lusini (majani ya malisho ya jamii ya kunde) mbichi yenye umande inyaushe kwanza, inajaza gesi. Ukikuta hicho kibonde kimevimba kimekaza kama ngoma na ng'ombe anahema kwa shida, gesi imekosa njia ya kutoka kwa kubeua na anaweza kufa ndani ya masaa machache, mpigie daktari wa mifugo saa hiyohiyo, wakati unamsubiri msimamishe miguu ya mbele iwe juu kuliko ya nyuma na usimwache alale.