Ukihamisha kisa cha zamani cha Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika) kwenda toleo la tano

Usihangaike kukokotoa upya takwimu za kila zimwi. Chukua zimwi la jina lilelile kwenye kitabu kipya, kisha tumia muda wako kuhesabu yako mangapi chumbani. Hapo ndipo wachezaji hufia: katika toleo hilo la tano, la mwaka 2014, hata zimwi dhaifu hupata shabaha kirahisi, kwa hiyo kundi la ishirini huwazidi wahusika wa ngazi ya kwanza. Yagawe yaje kwa mafungu, au yape sababu ya kukimbia.

Zimwi likikosekana kitabuni, kinga yake (namba inayoonyesha ugumu wa kulipiga) ni rahisi kukokotoa: kabla ya mwaka 2000 namba ndogo ndiyo iliyokuwa bora, basi kwa visa vya AD&D (Advanced Dungeons & Dragons, toleo la zamani) toa namba hiyo kwenye 20. Kinga ya 4 inakuwa 16.

Sumu inayoua kwa dadu moja ibadilishe iwe madhara makubwa pamoja na hali ya kulishwa sumu.

Dhahabu nayo ipunguze. Zamani hazina ndiyo iliyowapandisha wahusika ngazi, ndiyo maana imejaa kila kona. Siku hizi wapandishe wanapofikia hatua muhimu za kisa. Ila ramani usiiguse, hasa njia zake za siri. Ndizo utamu wenyewe.